Kariba: Ziwa Lililofunika Mashamba ya Watonga

Watonga wa bonde la Gwembe wana jina lao la mto Zambezi. Huuita Kasambabezi, na wazee wao hulifafanua jina hilo hivi: humo huoga yule tu aujuaye mto. Zambezi una mamba na viboko, una mikondo inayomvuta mtu miguu, una miezi yake ya kufurika na miezi yake ya kunywea. Mgeni asiyeijua mienendo hiyo, maji humchukua. Waswahili nasi tuna usemi wa ukoo huohuo: maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Nalitanguliza jina hilo kwa sababu historia ya Ziwa Kariba, lililo kati ya Zambia na Zimbabwe, ni historia ya watu walioujua mto na watu walioupima. Ziwa lina urefu wa kilomita 280 hivi na eneo la zaidi ya kilomita za mraba 5,500. Kwa ujazo wa maji yake, takriban kilomita za ujazo 180, ndilo kubwa kuliko maziwa yote duniani yaliyoumbwa na binadamu kwa kujenga ukuta. Chini yake wamelala wahenga wa watu 57,000 waliohamishwa, pamoja na mashamba yaliyowalisha kwa vizazi.

Kabla ya Desemba 1958 hapakuwa na ziwa. Palikuwa na bonde lenye joto kali, mbung'o wengi na mvua isiyotabirika. Kilichowaweka watu pale ni mto. Kila mwaka ulipofurika ulitandaza matope meusi kwenye kingo, na maji yaliporudi chini wanawake walishuka na majembe kupanda mahindi, kunde, maboga na tumbaku katika unyevu ulioachwa. Familia ilikuwa na shamba la mvua huko juu na shamba la mto huku chini, na la juu lilipokauka, la chini liliwaokoa. Vipande vya kingoni vilirithiwa ndani ya koo, na kila mtu alijua chake kinaanzia wapi na kinaishia wapi.

Waingereza walipogawa nchi walipitisha mpaka katikati ya mto: kaskazini Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo; kusini Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya leo. Kwa Watonga ng'ambo ilibaki kwa mjomba na kwa shemeji. Mtu alishika mtumbwi, akavuka kwenda matangani au harusini, akarudi jioni. Kwenye miti mikubwa na mawe fulani walikuwa na malende, mahali pa kutambikia na kuombea mvua. Na katika korongo jembamba la Kariba, kwa imani yao, aliishi Nyaminyami, joka la mto lenye kichwa cha samaki, mlinzi wa bonde zima.

Korongo hilohilo ndilo lililowavutia wahandisi. Mwaka 1953 Uingereza iliziunganisha Rhodesia mbili na Nyasaland kuwa Shirikisho moja. Migodi ya shaba ya kaskazini ilikuwa na kiu ya umeme, na viwanda vya kusini vilikuwa vinapanuka. Mipango miwili ilikuwa mezani. Mmoja ulikuwa wa mto Kafue, ndani kabisa ya Rhodesia ya Kaskazini, na viongozi wengi wa kaskazini waliutaka huo. Wa pili ulikuwa Kariba, mpakani. Mwaka 1955 serikali ya Shirikisho, chini ya Waziri Mkuu Godfrey Huggins, ilichagua Kariba, na kaskazini ikanung'unika kwamba imeporwa. Katika mabishano hayo yote Watonga hawakuwa na kiti. Uamuzi uliwafikia ukiwa umekwisha kufanywa.

Mwaka 1956 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 80, ambao ulikuwa mkubwa kuliko mikopo yote iliyokuwa imetoa kwa mradi mmoja hadi wakati huo. Mhandisi Mfaransa André Coyne alisanifu ukuta wa zege uliopinda kama upinde, mgongo wake ukielekea upande wa maji. Ukuta wa namna hiyo haupambani na maji kwa uzito wake peke yake. Maji yanapousukuma, nao huipitisha nguvu hiyo pembeni, kwenye majabali ya pande mbili za korongo, na majabali ndiyo yanayobeba mzigo. Ndiyo maana ukuta wenye kimo cha mita 128 na urefu wa mita 617 unaweza kuwa na unene wa mita 24 tu kwenye kitako chake na bado ukazuia bahari ndogo.

Kazi ya ujenzi ilikwenda kwa kampuni ya Kiitalia, Impresit, na maelfu ya vibarua Waafrika wakafanya kazi pamoja na Wazungu katika joto lililopita nyuzi 40. Vyuma vilichemka juani kiasi kwamba zana zilitunzwa ndani ya ndoo za maji ili ziweze kushikika. Ili kuanza kujenga, ilibidi kwanza sehemu ya mto izungushiwe ukuta wa muda, maji yatolewe ndani, na msingi uchimbwe pakavu. Hesabu zote za kazi hiyo zilitegemea kumbukumbu za mtiririko wa mto, na kumbukumbu hizo zilikuwa za miongo michache tu.

Wazee wa Kitonga walikuwa wakisema kwamba Nyaminyami hatakubali. Ukuta ungemtenga na mkewe, walisema, naye angeubomoa. Machi 1957 mto ulifurika kuliko ilivyotazamiwa na kuharibu sehemu ya kazi. Wahandisi walifarijiana kwamba gharika ya namna ile huja mara moja katika miaka mingi. Mwaka uliofuata, Februari na Machi 1958, Zambezi uliteremka na maji ya mita za ujazo 16,000 kwa sekunde, karibu maradufu ya mwaka uliotangulia. Ulipanda juu ya ukuta wa muda, ukafagia daraja la barabara na daraja la kamba la waenda kwa miguu, ukajaza shimo la msingi. Hakuna mtu aliyekuwa hai pale aliyewahi kuandika kipimo kama hicho.

Msomaji anaweza kuamini joka au asiliamini. Ninachokiona mimi ni kwamba watu waliokaa na mto kwa karne nyingi walikuwa wamebeba kumbukumbu ndefu kuliko daftari za wapimaji, na kumbukumbu hiyo iliwafikia wageni kwa lugha ya mizimu, lugha ambayo hawakuona haja ya kuisikiliza. Baada ya gharika zile mbili usanifu ulibadilishwa, na milango ya kupunguzia maji ikaongezwa hadi kufika sita. Mto ulikuwa umesikika.

Wenye mto hawakusikika. Kabla hata zege halijakauka, walianza kuambiwa wahame: takriban 34,000 upande wa kaskazini na 23,000 upande wa kusini. Wengi hawakuamini. Ukuta gani ungeweza kuuzuia Kasambabezi? Walihisi ni hila ya kuwapokonya ardhi. Hofu yao ilikuwa na msingi, kwa kuwa Rhodesia nzima walikuwa wameona Waafrika wakisukumwa kwenye ardhi duni ili walowezi wapate iliyo nzuri. Wazee wa upande wa kusini wamesimulia kwa miaka mingi kwamba maofisa waliwaahidi maji yangewafuata huko waendako. Walihamishiwa nyanda za juu penye mchanga mkavu. Maji hayakufika.

Upande wa kaskazini, watu wa chifu Chipepo walikataa waziwazi. Walipangiwa kupelekwa Lusitu, chini ya ukuta, zaidi ya kilomita 150 kutoka makaburi ya wazazi wao, mahali ambapo wangekuwa wageni miongoni mwa watu wengine. Gavana Arthur Benson alikwenda mwenyewe kuzungumza nao, akiwa amevalia sare zake za heshima. Waliondoka mkutanoni wakiwa na msimamo uleule. Tarehe 10 Septemba 1958 wanaume wenye mikuki waliwakabili polisi wenye bunduki. Watonga wanane waliuawa na zaidi ya thelathini wakajeruhiwa. Siku zilizofuata malori yalifika, na watu wakapakiwa pamoja na kuku, mitungi na vinu vyao, wakasafirishwa katika joto la Septemba. Wengi hawakuwahi kupanda gari maishani, na walitapika njia nzima.

Mwanzoni mwa Desemba 1958 mianya ya mwisho ya ukuta ilizibwa na maji yakaanza kupanda. Februari 1959, wakati ujenzi ukiendelea, jukwaa liliporomoka ndani ya shimo refu la mitambo na watu 17 wakafa kwa mara moja. Hadi kazi inakwisha, zaidi ya watu 80 walikuwa wamepoteza maisha. Waitaliano waliwajengea kanisa la mviringo kilimani, kanisa la Mtakatifu Barbara, na majina ya marehemu yakawekwa humo. Kwa wale wanane wa Chipepo, hakuna aliyejenga kanisa mwaka ule.

Maji yalipopanda, vilele vya vilima viligeuka visiwa, na juu ya visiwa hivyo wanyama walikwama wakila magome ya miti hadi yakaisha. Hapo ilianza kazi iliyoitwa Operesheni Nuhu, iliyoongozwa upande wa kusini na askari wa wanyamapori Rupert Fothergill. Kati ya 1958 na 1964 waliokolewa wanyama zaidi ya 6,000: swala, ngiri, nyani, vifaru, hata nyoka. Waokoaji waliogelea na kulungu, wakawafunga wanyama miguu kwa kamba zilizosukwa kwa soksi za nailoni zilizochangwa na wanawake, kwa kuwa kamba za kawaida ziliwakata ngozi. Ilikuwa kazi ya ujasiri na huruma, na dunia iliifuatilia kwa picha na filamu.

Siwadharau waokoaji hao. Lakini kila nisomapo habari zao hufikiria soksi zile laini, kisha hufikiria malori ya Septemba. Kwa miaka mingi jina la Kariba lilipotajwa Ulaya, watu walikumbuka kifaru aliyeelea juu ya chelezo, wakati Watonga walikuwa wakizika watoto Lusitu.

Maana Lusitu palitokea msiba. Mwaka 1959, mwaka wa kwanza tangu wahamie, ugonjwa wa ghafla uliwaua wanawake na watoto zaidi ya hamsini kwa muda mfupi. Mtu alikuwa mzima asubuhi na jioni amekufa. Sababu haikuthibitishwa kamwe. Wapo walioshuku mmea wa porini wenye sumu, ulioliwa na watu waliokuwa na njaa katika nchi wasiyoijua majani yake. Waliohamishwa wenyewe walisema wamewekwa juu ya mizimu ya wengine, na hakuna wa kuwaombea. Wanaanthropolojia Elizabeth Colson na Thayer Scudder, walioanza kuishi na Watonga wa Gwembe mwaka 1956 na kurudi kwao kwa miongo mingi, waliandika jinsi vifo hivyo vilivyovunja watu moyo. Hata ngoma za matanga zilinyamaza kwa kitambo, kwa sababu kila aliyezipiga aliona anaita kifo kingine.

Walikuwa kweli wamewekwa juu ya makaburi ya wengine. Mwaka 1960 mafundi walichimba kilima kimoja cha Lusitu ili kujenga tangi la maji kwa ajili ya wahamiaji hao, wakakuta mifupa ya watu waliozikwa na dhahabu, vipande vya shaba vyenye umbo la msalaba, masalia ya nguo za pamba, shanga za kioo na makome ya bahari. Mahali hapo panaitwa Ingombe Ilede. Wataalamu wa mambo ya kale wanaamini kuwa palikuwa kituo cha biashara kwenye karne ya 15 hivi, na makome na shanga zile zilitoka pwani ya Bahari ya Hindi, pwani yetu. Kumbe bonde lililoelezwa katika mipango ya ujenzi kuwa pori la mbali lilikuwa limefanya biashara na dunia miaka mia tano kabla ya zege.

Tarehe 17 Mei 1960 Malkia Mama Elizabeth wa Uingereza alizindua mitambo ya Kariba. Umeme ulipita kwenye nyaya juu ya vichwa vya Watonga na kwenda zake: kusini hadi Salisbury na Bulawayo, kaskazini hadi migodi ya shaba. Ziwa lilijaa mwaka 1963, na uzito wa maji yake ukaifanya ardhi itikisike. Septemba mwaka huo tetemeko lilipita kipimo cha 6. Mwaka huohuo, mwishoni, Shirikisho lililojenga Kariba lilivunjika.

Zambia ikapata uhuru mwaka 1964, lakini kituo cha kufua umeme kilikuwa upande wa kusini. Mwaka uliofuata Ian Smith alijitangazia uhuru wa walowezi huko Rhodesia, na Zambia ikajikuta taa za migodi yake zinategemea swichi iliyo mikononi mwa adui. Hapo ndipo malalamiko ya mwaka 1955 yalipothibitika kuwa na busara. Zambia ilijenga kituo chake Kafue, pale palepale palipoachwa, kisha kingine kwenye ukingo wake wa Kariba. Shaba yake nayo iligeuza uso kuelekea bandari ya Dar es Salaam, kwanza kwa malori na baadaye kwa reli ya TAZARA. Wakati huo ziwa lilikuwa limegeuka mstari wa vita kati ya Rhodesia ya walowezi na wapigania uhuru. Mjomba wa ng'ambo, aliyekuwa mwendo wa kasia chache, sasa alikuwa nyuma ya kilomita nyingi za maji mapana, mawimbi, na mabomu yaliyofukiwa ardhini.

Maji mapya yalileta pia viumbe vipya. Kwanza lilikuja gugu lielealo, Salvinia, ambalo kufikia 1962 lilikuwa limetandaza zulia la kijani juu ya sehemu kubwa ya ziwa na kuzuia mitumbwi, kabla halijapungua lenyewe baadaye. Kisha, mwaka 1967 na 1968, watu wa Zambia waliwachukua dagaa wachanga kutoka Ziwa Tanganyika na kuwamwaga Kariba. Samaki wa Zambezi walikuwa wa mto, wasiozoea kukaa katikati ya maji mengi yaliyotulia, na hapo katikati palikuwa pamebaki patupu. Dagaa walipapenda. Waliongezeka kwa kasi, wakaenea ziwa zima, na leo chini ya jina la kapenta wanaliwa kutoka Lusaka hadi Bulawayo.

Mtu wa Kigoma akifika ufukweni mwa Kariba, Siavonga upande wa Zambia au Binga upande wa Zimbabwe, usiku usio na mbalamwezi ataona kitu anachokijua: taa zimetapakaa majini kama mji unaoelea, zikiwavuta dagaa wapande kwenye nyavu. Asubuhi ataona dagaa wameanikwa juani na kusikia harufu ileile ya ufukweni kwao. Uvuvi huo umewapa kazi maelfu ya watu. Hata hivyo vyombo vya kapenta vinahitaji mtaji, injini na leseni, na kwa muda mrefu wengi waliokuwa navyo hawakuwa Watonga. Mtonga aliajiriwa kuvuta wavu juu ya shamba la bibi yake.

Na taa za nyumbani? Vijiji vingi vya waliohamishwa vilikaa miongo mingi bila umeme. Watoto wao walisoma kwa vibatari huku nguzo za chuma zikipita juu ya paa zao. Mwaka 2002 wenyeji wa upande wa Zimbabwe walianzisha shirika lao la kudai maendeleo, wakaliita Basilwizi, yaani watu wa mto mkubwa. Walikuwa wamekaa mbali na kingo zao kwa zaidi ya miaka arobaini, na bado hilo ndilo jina walilojiita.

Sasa ziwa lenyewe linadai. Maji yaliyoanguka kutoka kwenye milango ya ukuta kwa miaka sitini yalichimba shimo refu kwenye mwamba ulio chini yake, na mwaka 2017 wahandisi walianza kulikarabati lisije likarudi nyuma na kuula msingi. Mvua nazo zimepungua. Mwishoni mwa 2022 maji yanayoweza kuzungusha mitambo yalishuka chini ya asilimia 5, na Zimbabwe ikaagizwa isimamishe mitambo yake. Februari 2024 Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la taifa, na miji iliyozoea umeme wa Kariba ikakaa gizani sehemu kubwa ya siku. Mitambo yenye uwezo wa zaidi ya megawati 2,000 ilikuwa inangoja mvua, kama mkulima.

Ukame unapobana hivyo, ziwa hurudi nyuma na kuacha ukanda mpana wa udongo wenye unyevu. Vishina vya miti iliyozama tangu 1959 huchomoza, vyeupe na vigumu. Na wanawake wa Gwembe hushuka na majembe. Hupanda mahindi na mboga kwenye matope hayo, kwa namna ileile bibi zao walivyopanda kwenye kingo za mto, wakifuata maji yanavyorudi chini.

Kuna tofauti moja. Bibi zao walijua maji yatarudi lini. Walitazama mawingu na mto, wakajua kuvuna kabla. Siku hizi kupanda na kushuka kwa maji hutegemea pia milango na mitambo, na uamuzi wa milango hufanywa ofisini mbali na shamba. Mara nyingine ziwa hurudi kabla mahindi hayajakomaa, na jasho la mama mmoja huzama kimyakimya katika kilomita za mraba 5,500 za maji.

Afrika inaendelea kujenga mabwawa, na inayahitaji. Mtoto anayesoma kwa kibatari anastahili taa. Ninachokiomba kwa watakaokaa mezani kuchora ukuta ujao ni jambo ambalo Kariba ingeweza kulifanya kwa gharama ndogo sana mwaka 1955: kushuka hadi ukingoni kabla ya kupima, kumkuta mama yule na jembe lake, na kumuuliza mto unakwendaje. Kisha taa ya kwanza iwashwe nyumbani kwake.